Picha Isiyotikisika

Jumatatu, 9 Oktoba 1961

Tangu binti yangu Milada aolewe na kuhamia Ostrava, nikirudi nyumbani sina wa kumsimulia ya kazini. Basi nitaandika. Naitwa Vlasta Hudcová, nina miaka hamsini na mmoja, mjane, na kazi yangu katika kliniki ya macho hapa Brno ni kutengeneza lenzi za kuvaa jichoni. Si miwani. Ni vikombe vidogo vya plastiki ngumu vinavyokaa chini ya kope, juu ya jicho lenyewe. Hakuna macho mawili yenye umbo moja, kwa hiyo kila kikombe nakichonga na kukisugua kwa mkono hadi kikubaliane na mwenyewe.

Leo amekuja mgonjwa mpya, Leopold Zbořil, miaka arobaini na minne. Alikuwa mkaguzi wa vitambaa katika kiwanda cha sufu: mtu wa kusimama kwenye meza yenye taa na kutafuta uzi mmoja uliokosea njia katika mita mia za kitambaa. Sasa konea zake, ule utando angavu wa mbele ya jicho, zimechongoka kama ncha ya yai. Miwani haimsaidii. Kiwandani wamemweka getini, afungue na kufunga.

"Taa moja naiona saba," aliniambia. "Mke wangu naye namwona saba. Hapo silalamiki."

"Endelea tu kutania mbele ya watu," alisema mkewe, Anežka, huku akimkunjia skafu. "Wote saba watakuhama siku moja."

Jumatano, 11 Oktoba

Nimechukua umbo la jicho lake la kulia. Dawa ya ganzi, kisha ule uji mzito unaoganda juu ya jicho, dakika mbili, kisha plasta ya kunakili umbo hilo. Hakupepesa hata mara moja. Sijawahi kuona mtu mtulivu hivi.

Ijumaa, 20 Oktoba

Lenzi imekaa. Nilimwinamisha, nikaijaza maji ya chumvi, nikaisukuma chini ya kope. Alinyanyua kichwa, akakunja uso. Nilidhani inamuuma. Kumbe ananitazama bega.

"Bi Vlasta," alisema, "koti lako lina kosa hapa. Nyuzi mbili zimepita pamoja mahali pa moja."

Nikaangalia. Kweli. Nimelivaa koti hilo miaka minne. Anežka aligeukia dirisha na hakutugeukia tena mpaka wakati wa kuondoka.

Alhamisi, 2 Novemba

Siku ya marehemu. Nimempelekea mume wangu Josef mishumaa na maua ya krisanthemi. Ukungu tangu asubuhi.

Jumatatu, 6 Novemba

Zbořil sasa anavaa lenzi saa sita kwa siku na amerudishwa kwenye meza yake kwa nusu siku. Leo Daktari Štrajt alimwita ofisini, nami nikaitwa.

Nimefanya kazi na Štrajt miaka tisa na siwezi kusema namjua. Ni mrefu, hasalimii kwenye ngazi, na huongea na wagonjwa kana kwamba anaongea na macho yao tu. Lakini leo alieleza vizuri. Alisema jicho la binadamu halitulii kamwe. Hata ukikodolea nukta moja, jicho linatetemeka, kidogo mno kiasi kwamba mwenyewe hahisi. Je, mtetemeko huo ni udhaifu, au ndio unaotufanya tuone? Ili kujua, lazima picha ifungwe kwenye jicho, itetemeke pamoja nalo, isisogee hata unywele juu ya retina kule nyuma. Na kitu pekee kinachoweza kubeba picha juu ya jicho ni lenzi.

"Ng'ambo wameshajaribu," alisema. "Picha hupotea, kisha hurudi. Wao wanasema ubongo ndio unaoirudisha. Mimi nadhani lenzi zao zinateleza. Nikipata lenzi isiyoteleza na mtu anayejua kutazama, nitajibu swali hilo."

Akanitazama mimi kwanza, kisha Zbořil.

"Kuna hatari?" Zbořil aliuliza.

"Ndogo. Uchovu. Wekundu."

Zbořil alifikiri. "Miaka saba nimekuwa mtu wa kufunguliwa kope na kumulikwa," alisema. "Naona vizuri nikipewa kitu cha kufanya."

Jumatatu, 13 Novemba

Siku ya kwanza. Mbele ya lenzi tumebandika mrija wa aluminiamu, mwepesi kuliko punje ya njegere, ndani yake taa ndogo na kipande cha filamu chenye mraba na mstari wa kukatiza. Zbořil alilala chali kwenye kochi, jicho la kushoto limefunikwa. Mimi nilishika saa ya sekunde, daktari kalamu.

"Ipo," alisema Zbořil. Kisha, baada ya sekunde nne: "Imekwenda."

"Imekwendaje?"

"Upande wa kushoto umeondoka wote kwa pamoja, kama mtu amechomoa uzi. Kisha na wa chini. Sasa kijivu." Akavuta pumzi. "Imerudi."

Daktari aliandika bila kuinua kichwa. Mimi nilikuwa nimesahau kusimamisha saa. Mtu amelala macho wazi, taa inawaka mbele ya jicho lake, naye haioni.

Alhamisi, 16 Novemba

Imepotea sekunde tano, imerudi. Mara kumi na nane.

Jumatatu, 20 Novemba

Sekunde tano, sita, nne. Imerudi. Theluji ya kwanza, imeyeyuka kabla ya adhuhuri.

Alhamisi, 23 Novemba

Imerudi.

Jumatatu, 27 Novemba

Daktari amekuja kwenye meza yangu, jambo asilolifanya. Alishika lenzi ya Zbořil kwenye mwanga, akaonyesha kitundu ninachotoboa pembeni mwa kila lenzi.

"Hiki ndicho kinachoitelezesha. Machozi yanaingia na kutoka, lenzi inaelea. Nitengenezee isiyo na tundu, na iliyobana zaidi."

Nilimwambia tundu lile ndilo linaloliacha jicho lipumue. Konea haina damu. Hewa yake inaipata kwenye machozi. Ukiliziba, inavimba.

"Kwa saa moja tu, Bi Vlasta. Saa moja haiui jicho."

Nilisema sawa. Nataka niandike ukweli hapa: sikusema sawa kwa kuogopa. Nilitaka kujua kama mikono yangu inaweza kutengeneza lenzi isiyoteleza kabisa.

Jumanne, 5 Desemba

Inaweza. Leo picha imepotea kwa sekunde arobaini, kisha kwa dakika tatu nzima, na haikurudi mpaka tulipozima taa na kuiwasha upya. Daktari alitoka, akarudi na vikombe vitatu vya chai yenye ramu. Alimpa Zbořil cha kwanza. Alinipa mkono. Miaka tisa, na leo ndiyo mara ya kwanza.

Ijumaa, 8 Desemba

Zbořil amepita kuniona baada ya zamu. Alisema jana akirudi nyumbani, taa za tramu zilikuwa na upinde wa mvua kuzizunguka, mzuri sana, nyekundu kwa nje. Ulidumu mpaka alipomaliza kula.

Nilikwenda kumwambia daktari. "Kila anayevaa lenzi huona hivyo siku moja moja," alisema, akaendelea kusoma. Hakuandika. Nami daftari la maabara lilikuwa mbele yangu, kalamu mfukoni, na sikuandika.

Alhamisi, 14 Desemba

Dakika kumi na moja. Kuanzia leo daktari hataki taa izimwe katikati. Anataka kuona itakaa muda gani.

Jumanne, 19 Desemba

Dakika arobaini. Ukihesabu na matayarisho, lenzi ilikaa jichoni saa mbili na nusu. Hakuna anayetaja ile saa moja tena. Daktari amealikwa kuzungumza Praha mwishoni mwa Januari. Anatembea kwenye korido kama mtu aliyepungua miaka kumi.

Jumapili, 24 Desemba

Milada na mumewe wamekuja. Samaki, saladi ya viazi, keki za mbegu za popi. Milada aliniuliza mara mbili nawaza nini.

Jumatatu, 8 Januari 1962

Baridi ya kukata. Nilipoingia kliniki kutoka nje, miwani yangu ilijaa mvuke nikasimama mlangoni kama kipofu. Niliona taa ya ukumbi, weupe mtupu, lakini namba za milango sikuziona. Nikasimama palepale hata baada ya mvuke kuisha.

Nilipanda moja kwa moja kwa daktari. Nilimuuliza: tunajuaje kwamba picha inapotea kwa sababu imetulia? Je, kama konea yenyewe imeingia ukungu kwa kukosa hewa? Mtu aliye nyuma ya ukungu naye atasema haioni.

Uso ukambadilika.

"Bi Vlasta, wewe kazi yako ni kutengeneza lenzi."

"Ndiyo, Daktari. Na lenzi hii nimeitengeneza vibaya, kwa kukusikiliza wewe."

Sijawahi kumjibu mkubwa hivyo maishani mwangu. Nilirudi mezani nikakaa na koti langu, nikingoja kuitwa na mkurugenzi. Hakuna aliyeniita.

Jumanne, 9 Januari

Nitajaribu kuandika kila kitu kama kilivyokwenda.

Saa nne asubuhi daktari aliingia chumba cha majaribio. Hakutaja ya jana. Alisema leo tutafanya tofauti: kila baada ya muda atazima taa ya mrija na kuiwasha tena. Picha iliyopotea kwa kutulia itarudi taa ikiwaka upya, kama ilivyorudi tarehe tano Desemba. Iliyofunikwa na ukungu haitarudi. Nilielewa kwamba hakulala.

Zbořil alikuwa mchangamfu. Alisema meneja amemwahidi meza ya siku nzima kuanzia mwezi ujao.

Dakika ya tatu, daktari alizima na kuwasha. "Imerudi," alisema Zbořil. "Safi, kila mstari." Dakika ya nane: imerudi, safi. Ya kumi: imerudi. Dakika ya kumi na tano: "Imerudi, lakini kama nyuma ya pazia." Dakika ya ishirini na tano, daktari alizima na kuwasha mara tatu.

"Haipo," alisema Zbořil.

"Niambie unachokiona. Usiniambie ipo au haipo. Unaona nini?"

"Maziwa."

"Maziwa?"

"Weupe. Si kama mwanzo. Mwanzo ikipotea kunakuwa kijivu, kimya, kama chumba kisicho na mtu. Baadaye unakuja weupe, na taa inatapakaa ndani yake. Ni vitu viwili tofauti kabisa, Daktari. Hata siku ya dakika arobaini ilikuwa hivyo."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza. Mlikuwa mnauliza kama ipo au haipo."

Daktari aliweka kalamu mezani. Sikuona hasira usoni mwake. Niliona mtu anayesoma upya mwezi mzima kichwani, ukurasa kwa ukurasa.

"Tuitoe," nilisema.

Haikutoka. Nilibandika mpira wa kunyonyea, nikavuta taratibu. Lenzi ilikuwa imeng'ang'ania. Nilitia maji ya chumvi, nikangoja, nikajaribu tena. Zbořil alisema, "Polepole, Bi Vlasta," kwa sauti ya mtu anayemtuliza mwingine. Mara ya tatu ilitoka, na alipiga ukelele mfupi, kisha akafunga mdomo wake kwa mkono.

Chini ya hadubini konea ilikuwa ya kijivu. Katikati kabisa, mbele ya mboni, ngozi yake ya juu ilikuwa imebanduka. Daktari aliangalia muda mrefu, akaniachia nafasi niangalie, akaenda kunawa mikono. Maji yalitiririka, na hakutoka pale kwenye beseni.

Alhamisi, 11 Januari

Kidonda kimeingia vijidudu. Wamemlaza, macho yote mawili yamefungwa bandeji ili lenye kidonda lisisogee. Dawa kila saa.

Anežka alinikuta kwenye korido. Hakupandisha sauti.

"Alinisimulia kuhusu upinde wa mvua. Alisema amekueleza na wewe."

"Alinieleza."

"Ulijua maana yake?"

"Nilijua. Konea ilikuwa imeanza kuvimba."

Alitikisa kichwa, polepole, kama anakubaliana na bei. "Yeye anakuita mtu aliyemrudishia macho," alisema. "Mezani anakutaja kila siku. Sasa mimi niende nikamwambie nini?"

Aliingia kwa mumewe, mlango ukafungwa.

Jioni nilifungua daftari la maabara nikaandika: "Nimeandika leo, tarehe 11 Januari, jambo nililoambiwa tarehe 8 Desemba." Kisha nikaandika habari ya taa za tramu. Nilimpelekea daktari. Alisoma, akachukua kalamu na kuandika chini yake: "Nami niliambiwa siku hiyohiyo." Akaweka sahihi.

Jumatatu, 15 Januari

Hakuna nafuu.

Jumatano, 17 Januari

Hakuna nafuu. Theluji imefika kwenye madirisha ya ghorofa ya chini.

Ijumaa, 19 Januari

Homa imeshuka. Kidonda kimeacha kukua.

Nilipopita wodini saa sita, Štrajt alikuwa ameketi kando ya kitanda akimsomea Zbořil matokeo ya mpira wa magongo. Anasoma vibaya, bila kupumua mahali panapofaa. Wauguzi wanasema amekuja kila siku. Nilisimama mlangoni. Zbořil, na bandeji zake, alikuwa anamcheka.

"Daktari, unasoma kama unatangaza msiba. Wameshinda hao."

"Sijui mchezo huu," alisema Štrajt.

"Inasikika."

Alhamisi, 25 Januari

Daktari yuko Praha. Kabla hajaondoka alinionyesha hotuba yake. Dakika arobaini hazimo. Zimo kumi tu, zile ambazo tunaweza kuzitetea: kwa lenzi isiyoteleza, picha iliyotulia juu ya retina hupotea ndani ya sekunde chache na kukaa imepotea hata dakika kumi, na huonekana safi mara taa ikizimwa na kuwashwa. Zaidi ya hapo si jicho lililotulia, ni jicho lililokosa hewa. Kisha ukurasa mzima kuhusu jinsi tulivyojua, na kwa gharama ya nani.

"Hawatapenda ukurasa huu," nilisema.

"Sikuuandika wapendezwe."

Jumamosi, 27 Januari

Amerudi. Nilimuuliza ilikwendaje. Alisema wengi walinyamaza. Mzee mmoja alisimama akasema kwamba matokeo haya sasa ni madogo. Štrajt alimjibu kwamba ndiyo, ni madogo, na ni ya kweli. Baadaye watu wawili walimfuata kwenye chumba cha makoti wakamwambia kwamba nao wamewahi kuelezwa habari za weupe na wagonjwa wao, na hawakuuliza zaidi.

Alisema pia kwamba huko Praha wanajaribu lenzi laini, za plastiki inayonyonya maji, unaweza kuikunja kama ngozi ya zabibu. Jicho linasemekana kuzivumilia kutwa. Alinieleza haya yote akiwa amesimama kwenye ngazi, baada ya kunisalimia.

Jumanne, 6 Februari

Bandeji zimetolewa. Kovu lipo katikati ya konea, jeupe, dogo kuliko kichwa cha pini. Linatosha. Kwa jicho la kulia anaona mkono ukipunga, basi.

"Meza ya siku nzima ndiyo imekwenda," alisema Zbořil. Kisha akaomba aachwe peke yake na mkewe.

Alhamisi, 8 Februari

Nilimwendea. Nilisema niliyopaswa kusema, bila kujitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekukasirikia," alisema. "Nitaendelea kwa muda. Usinikimbie lakini. Nina jicho lingine."

Jumatatu, 19 Februari

Lenzi ya jicho la kushoto, ya tatu. Mbili za kwanza nilizitupa.

Ijumaa, 23 Februari

Imekaa vizuri. Machozi yanapita. Anasoma mstari wa pili kutoka chini. Anežka alikuja naye, akakaa kwenye benchi la korido bila kuingia. Walipoondoka nilikuta mfuko wa karatasi juu ya benchi, ndani keki mbili za jibini. Sijui kama alizisahau au aliziacha. Nimezila.

Jumatatu, 5 Machi

Kiwandani wamempa nusu siku tena, kwa majaribio.

Jumatatu, 12 Machi

Theluji inaondoka, mitaro yote inapiga kelele. Zbořil alijitokeza katika chumba cha majaribio saa tisa, na kofia mkononi, bila miadi. Alitazama kochi, mrija, filamu.

"Nani anaendelea?" aliuliza.

Daktari alisema hakuna. Alisema yeye mwenyewe amejaribu, na hawezi kutulia hata dakika moja; kope zake zinapigana na lenzi.

"Kazi imeishia njiani, basi. Nimepoteza jicho kwa nusu ya jibu?"

Nilifungua droo yangu. Kwa wiki tatu, katika saa za chakula, nimekuwa nikitengeneza lenzi ya jicho langu la kulia. Iliyobana, haina tundu. Lakini nimeipima kwa dakika, nami najua kikomo chake. Niliiweka mezani.

"Mimi ndiye nitakayelala," nilisema. "Lakini nataka mtu wa kuniuliza. Mtu anayejua cha kuuliza."

Štrajt alimtazama Zbořil, kisha akamvutia kiti. Alimpa saa ya sekunde. Yeye mwenyewe akachukua kalamu akakaa nyuma, pembeni, mahali nilipokuwa nikikaa mimi.

Nililala chali. Lenzi iliingia baridi, ikashika. Taa ikawaka: mraba, na mstari wa kukatiza, mweusi kabisa. Niliutazama kwa bidii. Sikufanya chochote. Upande wa kushoto ukaondoka wote kwa pamoja.

"Unaona nini?" Zbořil aliuliza.

Nilimweleza. Upande wa juu ukaondoka, mstari ukabaki peke yake, umesimama bila kitu cha kuushika, kisha nao. Nikamwambia ni kijivu. Nikamwambia hakuna sauti ndani yake, ingawa najua picha haina sauti.

"Ndiyo," alisema. "Ndivyo. Kijivu gani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, na nilitafuta jibu muda mrefu. Alingoja. Aliuliza kama kina ukingo, kama kinasogea nikivuta pumzi, kama kiko karibu au mbali. Nyuma yetu nilisikia kalamu ya daktari ikienda mfululizo. Alizima akawasha, mraba ukarudi safi, ukaondoka tena. Nilikuwa karibu kuona kitu, mpangilio fulani katika zile pande zinavyopokezana kuondoka, na nilihisi nikiendelea kidogo nitaushika.

"Dakika kumi," alisema Zbořil. "Tunatoa."

"Moja zaidi, Bwana Zbořil. Naona vizuri. Hakuna weupe."

"Najua huoni weupe," alisema. Nilisikia saa ikifungwa, kisha mkono wake ukanishika begani na kuninyanyua. "Inama, Bi Vlasta. Fungua jicho."